Maswali ya wasomaji: Kibali cha kukata mti, na mche wa kuziba pengo lake

Barua nyingi za mara hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mti wa nyumbani, wa barabarani au wa ufukweni unakatwa kwa idhini ya nani, na baada ya hapo kinapandwa nini. Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina sheria ndogo zake, kwa hiyo ada na masharti ya Temeke usiyategemee ukiwa Ubungo. Njia ya kupita, hata hivyo, ni ileile kwa sehemu kubwa, na makosa yanayowakwamisha watu yanafanana kila mahali.

Nina mwarobaini uani, mita tatu kutoka kwenye nyumba. Mizizi imeinua vigae vya sakafu ya nje na ukuta umeanza kupasuka. Mti niliupanda mwenyewe na kiwanja kina hati. Je, kweli nahitaji kibali kuukata? Na nianzie wapi? – Msomaji, Sinza

Mti ni wako, hilo halina ubishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu vinavyoota ardhini kuwa sehemu ya ardhi yenyewe. Lakini umiliki ni jambo moja na kukata ni jingine: halmashauri ina mamlaka ya kudhibiti ukataji wa miti mjini kupitia sheria ndogo za mazingira, na mti mkubwa ukianguka bila karatasi utaulizwa wewe, siyo fundi uliyemlipa. Omba kibali kwanza.

Kabla ya hapo, hakikisha mti ndio mkosaji. Vigae kuinuka karibu na shina ni kazi ya mizizi, hapo hatubishani. Ukuta kupasuka ni kesi nyingine. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ina udongo wa kichanga, ambao haunywei wala kuvimba sana, na nyufa zake mara nyingi hutokana na msingi mfupi, maji ya bomba yanayovuja au maji ya paa yanayochimba kando ya nyumba kwa sababu hakuna mtaro. Kwenye mfinyanzi, kama ule wa bonde la Msimbazi, mti mkubwa unaweza kweli kuunyonya udongo maji ukasinyaa na msingi ukashuka. Ili kujua, chora kwa penseli mstari unaokatiza ufa, andika tarehe pembeni na upime upana wake kila mwezi kwa miezi mitatu. Kisha chimba kishimo cha sentimita 60 kando ya msingi penye ufa. Usipoona mzizi hapo, kukata mti hakutaponya ukuta, na utakuwa umepoteza kivuli na hela. Tunasisitiza hili kwa sababu mwarobaini wa miaka ishirini hauwezi kurudishwa kwa mwezi mmoja.

Kama tatizo ni vigae peke yake, vitoe kuzunguka shina kwa upana wa mita moja na nusu na uweke kokoto. Usikate mizizi minene karibu na shina ili uirudishe sakafu ilivyokuwa. Kanuni ya usalama ni kutokata mzizi wowote ndani ya umbali wa mara tatu ya kipenyo cha shina. Shina la sentimita 50 maana yake ni mita moja na nusu kila upande. Ukivuka hapo mti unabaki umesimama kwa mazoea tu, na mvua ya kwanza ya masika yenye upepo itaulaza juu ya paa.

Ukiamua kuendelea, anzia kwa mtendaji wa mtaa wako. Yeye na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanakuandikia barua ya utambulisho inayothibitisha kuwa kiwanja ni chako na hakina mgogoro. Barua ya maombi inaelekezwa kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ikipitia kwa mtendaji wa kata, na ndani ya halmashauri itafika kwa afisa misitu au afisa mazingira. Ambatisha nakala ya kitambulisho, na nakala ya hati. Asiye na hati apeleke leseni ya makazi au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mpangaji haombi kwa jina lake. Anaomba mwenye nyumba, au mpangaji anapeleka barua ya mwenye nyumba ya kumruhusu.

Maombi mengi hukwama kwenye barua yenyewe. "Naomba kukata mti kwa sababu unasumbua" haimwambii afisa chochote. Andika mtaa, kata, namba ya kiwanja na kitalu. Aina ya mti. Mduara wa shina kwa kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, urefu, umbali kutoka ukutani, kwenye waya wa umeme na kwenye mpaka wa jirani, sababu moja iliyo wazi, nani atakata na kwa vifaa gani, mbao au kuni zitakwenda wapi, na mwisho, utapanda mti gani, wapi, na lini. Weka picha nne: mti mzima, shina, mahali palipoharibika, na mahali utakapopanda mche. Mduara ukigawanya kwa 3.14 unapata kipenyo, kwa hiyo sentimita 157 ni kipenyo cha 50.

Urefu hauhitaji kifaa. Chukua fimbo yenye urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yako mkono ukiwa umenyooka. Ishike wima, rudi nyuma taratibu mpaka fimbo ifunike mti kuanzia chini hadi kileleni. Umbali kutoka uliposimama hadi kwenye shina ndio urefu wa mti, kwa kukaribia. Kipimo hiki kinakuonyesha pia jambo kubwa zaidi: kama mti una mita 12 na uani kwako kuna mita 8, hauwezi kulazwa mzima. Utateremshwa kipande kwa kipande kwa kamba, na bei ya fundi inabadilika.

Afisa atakuja kuona. Mwonyeshe ufa, kishimo na vipimo, na mwonyeshe shimo la mche mpya likiwa tayari limechimbwa. Hilo la mwisho ndilo ushauri wetu mkubwa katika ukurasa huu mzima: panda mti wa badala kabla ya kukata wa zamani, msimu mzima kabla ikiwezekana. Ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi haitoi kivuli, na afisa anajua ni ahadi ngapi zimekufa kiangazi.

Malipo yoyote yawe kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa simu au benki, na risiti utunze. Usimpe mtu fedha mkononi. Kibali kikitoka kisome kabla ya kumpigia fundi: jina, idadi na aina ya miti, tarehe ya mwisho, sharti la kupanda. Kibali cha mti mmoja hakikati miwili, hata kama wa pili umeegemea wa kwanza. Siku ya kazi nakala iwe mkononi mwa msimamizi, na mtendaji wa mtaa na majirani wa pande zote wawe wamejulishwa.

Mti wangu ukishakatwa, naruhusiwa kuuza magogo? Kuna mtu wa kirikuu anayataka. – Msomaji, Kimara

Kwenye kibali, eleza tangu mwanzo kuwa unakusudia kuuza, kwa sababu mzigo unapotoka getini swali linahama kutoka halmashauri kwenda kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mazao ya misitu yanayosafirishwa huhitaji hati ya kusafirishia, na magogo hukaguliwa na kugongwa nyundo, yaani kutiwa alama ya ukaguzi. Mwenye kirikuu akikuambia "ni hapo tu, hakuna shida", shida itakuwa yake na yako kwenye geti la kwanza. Pelekeni nakala ya kibali ofisi ya TFS ya wilaya, mzigo ukaguliwe ukiwa bado uani, kisha usafirishwe mchana.

Kitu kingine ni uzito. Kipande cha urefu wa mita moja chenye kipenyo cha sentimita 50 kina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.2, na kikiwa kibichi kinaweza kufika kilo 150 hadi 200. Kirikuu hakibebi vipande vingi vya namna hiyo bila kuvunja springi. Yakate magogo mafupi, uyaweke juu ya matofali yasiguse ardhi, mchwa wasiyapate, na yakae wiki kadhaa yapungue maji.

Kuuza mkaa ni habari nyingine kabisa. Usichome tanuru uani katikati ya makazi.

Mwembe wa jirani umevuka ukuta, majani yanaziba mfereji wa paa langu na embe zinatoboa bati. Nimemwambia mara tatu. Naweza kukata matawi yaliyo upande wangu? – Msomaji, Tabata

Unaweza, kwa mipaka. Kanuni ya zamani ya sheria ya Uingereza, iliyoingia nchini pamoja na sheria nyingine zilizopokelewa kwa tarehe ya 22 Julai 1920, inamruhusu mtu kuondoa tawi linaloning'inia juu ya ardhi yake. Lakini unakata mpaka kwenye mstari wa mpaka tu, huingii kwake, hupandi kwenye mti wake bila ruhusa, na matawi pamoja na embe zake ni mali yake. Mrudishie, usizile wala usiziuze. Na ukikata hovyo mti ukafa, hiyo siyo tena haki ya kukata tawi, ni uharibifu wa mali ya mtu.

Mpelekee ujumbe wa maandishi wa nne, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, ukimpa wiki mbili na kupendekeza mgawane gharama ya fundi. Mwembe unafaa kupunguzwa mara tu baada ya mavuno, ambayo kwa Dar es Salaam huisha mwanzoni mwa mwaka. Ukikatwa wakati wa maua jirani atapoteza embe za msimu, na hapo ugomvi utakuwa na sababu.

Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja. Kata kwanza kutoka chini, robo ya unene, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye shina. Kisha kata kutoka juu, sentimita chache mbele zaidi, tawi lianguke bila kuchuna gome. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki, ukifuata nje kidogo ya ule uvimbe unaolizunguka tawi linapokutana na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga jeraha. Ukiukata jeraha halifungi, na ukiacha kisiki kirefu kinaoza na kuingiza mchwa ndani. Usipake rangi wala oili chafu. Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani yote.

Mkishindwa kuelewana, nendeni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, ndani ya siku 30, halitoi hukumu. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mfereji wa paa, wavu wa chuma juu yake ni nafuu kuliko nauli za kwenda huko.

Mbele ya duka langu kuna mkungu mkubwa unaoficha bango. Upo nje ya kiwanja changu, kando ya lami. Nani wa kumwomba? Jamaa wamenishauri nimenye gome tu, ukauke wenyewe. – Msomaji, Mbagala

Usimenye gome, usimwage chumvi wala oili chafu kwenye mizizi. Kuua mti taratibu ni kuua mti, na unaacha mti mkavu wa tani kadhaa juu ya kichwa cha mteja wako. Mkungu una matawi yaliyopangwa kwa tabaka, yanalala kuelekea pembeni; ukikauka hayaanguki yote pamoja bali moja moja, bila taarifa.

Mti ulio nje ya mpaka wako si wako hata kama ulimwagilia ukiwa mche. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, na hifadhi yake kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara nyingine za mjini ni za TARURA. Kwa hiyo barua yako inakwenda kwa wakala mwenye barabara, nakala kwa halmashauri. Omba kupunguziwa matawi ya chini, siyo kukatiwa mti. Matawi yakiinuliwa hadi mita tatu au nne kutoka ardhini, bango litaonekana chini yake na wateja watakuwa na mahali pa kusimama saa saba mchana. Tunakuomba ulifikirie hilo kwa dhati. Duka lenye kivuli mbele ni duka ambalo watu hukaa.

TANESCO wamekata mjohoro wangu juu kama kofia, umebaki mbaya na matawi wameyaacha chini. Je, niumalizie? – Msomaji, Ubungo

Nyaya zikipita juu ya kiwanja, shirika lina wajibu wa kusafisha njia yake, kwa sababu tawi lililolowa linalogusa waya linaweza kupitisha umeme hadi ardhini na kumuua mtoto aliyeegemea shina. Hutashinda hoja hiyo. Mjohoro hukua haraka na mbao zake za matawi mapya ni dhaifu: vichipukizi vinavyoota baada ya kukatwa kilele vimeshikwa na ganda la juu tu, na baada ya miaka miwili au mitatu vinakuwa vizito na kukwanyuka. Kwa hiyo ndiyo, mti uliokatwa kilele chini ya waya ni bora uombewe kibali uondolewe, upandwe mwingine mfupi.

Lakini wewe au fundi wako msiukaribie. Kwa asiye fundi umeme, mita tatu kutoka kwenye waya ndiyo mwisho, na ngazi ya chuma isiletwe kabisa. Peleka ombi ofisi ya TANESCO ya wilaya, kibali kikiwa tayari, wazime laini au wakate wenyewe sehemu ya juu. Fundi wako amalizie shina. Mahali pake panda kitu kisichozidi mita nne: mkomamanga, mndimu, au mpera unaopogolewa kila mwaka. Mwarobaini, mwembe na mvinje visiwekwe hapo tena.

Minazi yangu mitatu imegeuka njano kuanzia majani ya chini, nazi zinaanguka changa, na mmoja umebaki nguzo tupu. Nikate yote? – Msomaji, Kigamboni

Pole sana. Dalili ulizotaja, njano kuanzia chini, nazi changa kudondoka, kole kuwa jeusi na hatimaye kichwa kizima kuanguka, ni za ugonjwa unaoua minazi wa pwani yetu, na hauna dawa ya kumponya mnazi ulioshikwa. Uliobaki nguzo uombee kibali leo. Hiyo miwili, ita afisa kilimo wa kata aione kabla. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Mikocheni, TARI, kimeshughulika na minazi kwa miongo mingi na afisa anaweza kuwauliza.

Kosa kubwa ni kukata na kuliacha gogo. Mnazi unaooza ni nyumba ya chonga, yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa minazi iliyo hai na kuacha makuti yaliyokatwa umbo la pembetatu. Funza wake hukua ndani ya magogo na kwenye malundo ya samadi. Pasua gogo, likauke na litumike au lizikwe kina, na kisiki ukichimbue. Usilalie gogo la mnazi kama benchi miaka mitatu halafu ukashangaa minazi michanga inakufa.

Kumbuka pia mnazi haulazwi kwa panga kutoka upande mmoja. Uzito wote uko juu na nyuzi zake hazipasuki kama mbao za kawaida; shina huchanika kwa urefu na kumrudia mkataji. Unafungwa kamba juu, makuti na nazi zinaondolewa kwanza, kisha shina linateremshwa vipande.

Kupanda upya, weka mita nane au tisa kati ya mnazi na mnazi, wala usipande kwenye shimo la ule uliokufa. Changanya na mkungu au mwembe ili ugonjwa ukirudi usikuachie ua mtupu.

Kiwanja nilichonunua kinaishia kwenye mikoko. Muuzaji ananiambia nikishapata kibali cha mtaa naweza kufyeka. – Msomaji, Mbweni

Hapana. Mikoko ni msitu wa hifadhi wa Serikali unaosimamiwa na TFS. Barua ya mtaa haina nguvu hapo, na mkandaa, mchu au mlilana hata mmoja usiguswe. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Pima mita hizo, ndipo ujue umenunua kiasi gani cha ardhi ya kujenga. Fanya hivyo kabla ya kumalizia malipo.

Nilipewa kibali kwa sharti la kupanda miti. Nilipanda mitano Juni mwaka jana, imekufa minne. Afisa amerudi kuuliza. Kosa langu ni nini? – Msomaji, Goba

Mwezi. Juni mvua za masika zimekwisha, na mbele yako kuna miezi minne ya ukavu. Mche unapandwa wiki ya pili au ya tatu ya Machi, ardhi ikishalowa kina cha kiganja, ili uwe na Aprili na Mei ya kushusha mizizi. Ndiyo maana Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba zinafaa kwa aliye na maji ya uhakika, kwa kuwa Januari na Februari jua la kaskazi ni kali.

Lakini minne kati ya mitano ni mingi, kwa hiyo kagua na mengine. Goba na Mbezi ni vilima; maji ya kumwagilia yanateremka kabla hayajazama. Tengeneza kikingo cha udongo umbo la nusu mwezi upande wa chini wa mche, kimo cha sentimita 15. Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina hichohicho. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza mpaka haina harufu, urudishe. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa. Ukikuta vipande vya saruji na chokaa vilivyoachwa na mafundi wa nyumba, vitoe vyote, la sivyo majani yatageuka njano hata ukimwagilia kila siku.

Angalia kiriba ulichouziwa. Mche uliokaa sana kwenye kiriba una mizizi iliyojizungusha chini kama kamba. Ukipandwa hivyo unaendelea kuzunguka na baada ya miaka kadhaa mti unaanguka ukiwa mkubwa. Chana kiriba chote na ukitupe, ikate mizizi iliyozunguka kwa kisu safi, panda mche wenye kimo cha sentimita 40 hadi mita moja. Miche mirefu ya mita mbili inavutia macho, lakini mizizi yake haiwezi kulisha majani yale. Shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi, isizikwe. Kama ulilelewa kwenye kivuli cha kitalu, uweke wiki mbili mahali penye jua la asubuhi peke yake kabla ya kuupanda.

Maji: lita 20 mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, kisha mara moja kwa wiki hadi mvua nyingine, kwa mikupuo mikubwa. Kikombe kimoja kila jioni kinalowesha uso tu na mizizi inabaki juu. Chupa ya lita tano yenye tundu la sindano chini, ikifukiwa nusu kando ya mche, inasaidia sana kwa wanaosafiri. Na onja maji ya kisima chako. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na mparachichi na mstafeli haviivumilii. Ncha za majani hukauka kama zimeunguzwa. Kwa maji hayo panda mwarobaini, mkungu au mnazi. Tandaza majani makavu kwa unene wa sentimita tano hadi nane, yakae mbali na shina kwa kiganja kizima, na zungushia miba au wavu kwa ajili ya mbuzi.

Nafasi ndiyo itakayokuzuia kuja kuomba kibali kingine baada ya miaka kumi na tano. Mwarobaini mita sita kutoka ukutani, mwembe wa mbegu nane hadi kumi, mwembe wa kubebesha tano au sita, mkungu sita. Mkrismasi una mizizi ya juu inayonyanyua sakafu, uweke mbali na njia. Mitini ya mapambo isikaribie karo wala bomba la maji kabisa.

Kwa afisa, usijifiche. Mpelekee picha za ule uliopona na wa minne iliyokufa, na barua fupi ya kuomba muda hadi Machi, mashimo yakiwa yameshachimbwa.

Mti ukiangukia nyumba usiku wa mvua, nasubiri kibali? – Msomaji, Magomeni

Hapana. Toa watu nje, usiguse kitu chochote kama kuna waya chini, piga Zimamoto 114, na TANESCO kama umeme umehusika. Mpigie mwenyekiti wa mtaa usiku huohuo, siyo kesho. Kinachoruhusiwa kukatwa ni kile kinachobana mtu, mlango au barabara; kilichobaki kingoje afisa. Shina lililopinda kama upinde au lililobanwa na ukuta lina nguvu iliyofungwa ndani yake, na likikatwa upande usiofaa linaruka na kupiga kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kukwepa, kwa hiyo asikate mtu asiyejua kazi hiyo. Asubuhi piga picha za mahali liliponyofoka, hasa mizizi na uozo wa ndani, kabla kipande cha kwanza hakijaondolewa. Picha hizo ndizo zitakazothibitisha kwamba mti ulianguka wenyewe.